Hodi ya Alhamisi

Nchi ya Kikomo inaishia ukutani, na hapa sisemi kwa mafumbo. Ukiifuata barabara yake kuu kutoka sokoni, ukaipita shule, ukalipita bwawa la kufulia nguo, utafika mahali ardhi ilipokwisha na Ukuta umesimama. Kwenda juu huoni mwisho wake, na kwenda kulia na kushoto ni vivyo hivyo. Aliyeujenga hajulikani, na hakuna aliyewahi kuona kilichoko upande wa pili. Katikati ya Ukuta huo pana mlango mmoja wa mbao nyeusi, umefungwa kwa komeo la gogo, na kila Alhamisi, watu wakishamaliza chakula cha mchana, mlango huo hubishwa kutoka upande ule.

Hubishwa mara tatu, huwa kimya kidogo, kisha hubishwa mara mbili. Basi, mpaka Alhamisi nyingine. Imekuwa hivyo kwa miaka mia mbili na kumi na miwili, na kwa muda wote huo hakuna mtu wa Kikomo aliyejibu.

Fundi Vuai Makungu hakuyajua haya alipoitwa. Yeye ni fundi milango, na amekuwa fundi milango tangu ndevu zake hazijaota. Barua iliyomwita ilisema kwamba bawaba za mlango muhimu wa taifa zimelegea, na kwamba anatakiwa fundi kutoka nje, asiye na upande. Fundi Vuai aliyaona hayo kuwa maneno ya kiofisi, yale yanayoandikwa ili karatasi ijae, akatia nyundo na tindo mkobani. Bintiye Nunuu alikuwa aolewe Jumamosi ya wiki ya pili. Alimwahidi kwamba siku hiyo, inyeshe isinyeshe, baba yake atakuwa amesimama mlangoni kupokea wageni. Jinsi alivyosafiri si habari: alitembea, akachoka, akafika.

"Umeonekana," alisema karani wa mpakani, mama mmoja mwenye miwani.

Fundi Vuai alisubiri asikie neno la pili, hakulisikia. "Nami nimekuona," akajibu, asije akaonekana hana adabu.

"Unaamini au unapima?"

"Natengeneza milango."

Karani aliitazama fomu yake juu hadi chini akitafuta pa kuliandika jibu hilo. Hapakuwepo. Akaliandika pembeni kwa kalamu ya risasi, na kwa sura yake ilionekana wazi kwamba atalifuta mgeni akishaondoka.

Maana watu wa Kikomo wote wana upande. Kuna Wanyenyekevu, na kuna Wapimaji. Wanyenyekevu husema kwamba anayebisha ni Mkuu mno, na kwamba sikio la binadamu halistahili kupokea hodi yake moja kwa moja. Kwa hiyo kila Alhamisi hutia pamba masikioni, wakakaa mbele ya mlango wakiimba. Kadiri mtu anavyopanda cheo katika unyenyekevu ndivyo anavyokaa mbali na mlango. Mtakatifu wao mkubwa anaishi mwendo wa siku tatu kutoka hapo, na husimuliwa kwa heshima kubwa kwamba amefikia daraja la kusahau mlango uko upande gani.

Wapimaji nao husema kwamba kabla ya kuuliza nani anabisha, lazima ithibitishwe kwamba huyo nani yupo. Mbao hutanuka zikipata joto, na zikitanuka hugonga. Wao wameuambatisha mlango na sindano inayochora mistari kwenye karatasi ndefu, na kwa kuwa sikio ni kifaa kisichopimwa wala kupigwa muhuri, kila Alhamisi hutia nta masikioni ili lisije likawashawishi. Wamethibitisha mengi. Wanajua kwamba kila bisho lina nguvu sawa na papai bivu likianguka kutoka kwenye kiti. Kinachowasumbua ni Alhamisi tu, kwa sababu mbao hazijui siku. Wameunda Kitengo cha Alhamisi, chenye watumishi arobaini, watu wazuri tu, ingawa wenzao huwakwepa kwenye sherehe.

Pande hizi mbili hazikubaliani kwa lolote isipokuwa Sheria ya Kwanza, ambayo ina kifungu kimoja: mlango usijibiwe mpaka pande zote mbili zipatane juu ya nani anayebisha. Tume ya Mapatano imekaa tangu mwaka wa kwanza wa hodi hizo. Na kwa kuhofia mtu asije akateleza ulimi siku yenyewe, wenye busara waliona heri neno "karibu" lipigwe marufuku nchi nzima, siku zote saba, hadi majumbani. Ndiyo maana mgeni wa Kikomo haambiwi karibu. Hukohoa mlangoni, mwenyeji hukohoa ndani, kisha mlango hufunguliwa na mgeni huambiwa kwamba ameonekana. Juu ya maduka kumeandikwa: *Wateja mnaonekana.*

Haya yote Fundi Vuai aliyajua kwa gharama. Jioni ya kwanza aliletewa wali kwa mchuzi wa kunde katika mkahawa, na mzee mmoja alipokatiza karibu na meza yake, ulimi wa Fundi ulifanya kazi uliyofundishwa na mama yake.

"Karibu, mzee," alisema, akimsogezea sahani.

Vijiko vyote mkahawani vilisimama njiani baina ya sahani na midomo. Mzee aliruka hatua mbili nyuma. Robo saa baadaye Fundi Vuai alikuwa amekaa katika Ofisi ya Neno, mbele ya wakuu wawili waliokuwa wakigombania kiti kimoja chenye mto. Mmoja alikuwa Mnyenyekevu Mkuu, Bwana Mwinyikai, mrefu mwenye sauti ya upole, ambaye kazi ya ofisi humlazimu kukaa karibu na mlango. Wa pili alikuwa Mpimaji Mkuu, Daktari Zaina, mfupi mwenye kalamu nne mfukoni. Huyu Zaina ameolewa na mdogo wake Mwinyikai, nao ni majirani wa ukuta mmoja, na kila Ijumaa hunywa kahawa pamoja wakibishana. Wanaowajua husema hiyo ndiyo saa yao ya raha.

"Alisema kwa nia gani?" aliuliza Mwinyikai.

"Nia haipimiki, shemeji," alisema Daktari Zaina. "Muulize alisema kwa sauti kiasi gani."

"Nilimkaribisha wali," alisema Fundi Vuai.

Wakuu wote wawili waliziba masikio. Walimweleza, mmoja akimkata kauli mwenzake, kwamba hilo ni onyo la kwanza na sasa amelipata la pili papo hapo. La tatu halina msamaha. Mtu wa onyo la tatu hufanywa Shahidi wa Kudumu: hukaa mbele ya Tume akaeleza alichokusudia kwa neno lile, mpaka pande zote mbili ziridhike. Daktari Zaina alifungua dirisha akamwonyesha bwana mmoja aliyenenepa, amekaa kwenye chumba cha pili akisuka ukili. Alikuwa muuza mikeka, alikuja Kikomo kwa siku mbili. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa. Alimpungia Fundi mkono kwa furaha.

Fundi Vuai alitoka pale mbio. Aliona arusi ya Nunuu, aliuona mlango wa nyumba yake na wageni wakiingia bila mtu wa kuwapokea. Tangu saa ile aliamua kusema maneno machache iwezekanavyo, na kila akiletewa chakula aligeukia ukutani.

Siku iliyofuata aliitwa na Tume kupokea maagizo ya kazi. Kumbe kabla hajashika nyundo kulikuwa na swali: bawaba ni ya upande huu au ya upande ule? Nusu yake imepigiliwa kwenye fremu, nayo fremu ni ya Kikomo. Nusu yake imepigiliwa kwenye mlango, na kuhusu mlango hakuna uhakika. Baina ya nusu hizo pana msumari wa katikati, na msumari huo ulijadiliwa siku tatu.

"Msumari ni siri," alisema Mwinyikai siku ya pili. "Hatuna ruhusa ya kugusa yale yasiyo yetu."

"Msumari ni chuma," alisema Daktari Zaina. "Ila ukiguswa, vipimo vyote vya miaka mia mbili vinaharibika. Kwa hiyo nami nasema usiguswe."

"Basi tumepatana."

"Hatujapatana hata kidogo, shemeji. Tumefika mahali pamoja kwa njia mbili, nami naomba iandikwe hivyo."

Iliandikwa hivyo. Kisha wakamwuliza mtaalamu kutoka nje anaonaje.

"Bawaba ni ya mlango," alisema Fundi Vuai. "Na mlango ni wa watu wa pande zote mbili, kama si hivyo mngejenga ukuta tu."

Wajumbe walitazamana. Mwandishi aliuliza kama maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu za imani au za vipimo, na kwa kuwa hapakuwa na jibu, hayakuingia popote. Hatimaye Tume iliamua kwamba Fundi akaze nusu ya bawaba iliyo kwenye fremu, asiguse nusu ya pili, na asipake mafuta. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mlango unabaki pale pale ulipo. Maana kwa kutikiswa na hodi zote hizo, ulikuwa umeanza kulegea, na ilihofiwa kwamba Alhamisi moja utafunguka wenyewe kabla Tume haijamaliza.

Hapo ndipo Fundi Vuai alipoelewa kaitiwa nini. Maisha yake yote watu walimwita mlango ukikataa kufunguka. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuitwa ili mlango usifunguke, na jambo hilo lilimkaa vibaya kifuani. Lakini alizihesabu siku za kurudi kwao, akajikaza kisabuni, akachukua nyundo.

Alipofika mlangoni Jumatano asubuhi alimkuta mngoja mlango, Bi Mashavu, mama wa miaka sitini na kitu, mnene, mwenye kanga mbili na macho ya utani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Kengele ilikuwa imening'inia pembeni yake.

"Wewe ndiye bwana wa wali wa kunde," alisema Bi Mashavu.

"Ndiye mimi, mama. Sitaki hata kuusikia tena."

Bi Mashavu alicheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani. Akamweleza kazi yake. Kwa kuwa Wanyenyekevu wametia pamba na Wapimaji wametia nta, hapana budi awepo mtu mmoja mwenye masikio wazi, awapigie kengele wajue mlango umebishwa. Kengele yenyewe hawaisikii, huiona tu ikicheza. Mtu huyo ni yeye, na kabla yake mama yake, na kabla ya mama yake bibi yake. Amekula kiapo cha kutofumbua mdomo siku ya Alhamisi kuanzia asubuhi hadi jua kuchwa.

"Kwa hiyo nchi nzima hii," alisema Fundi Vuai polepole, "anayeisikia hodi ni wewe peke yako."

"Na kesho ndiyo mwisho." Bi Mashavu aliacha kuchambua. "Wamefunga kengele na ile sindano kwa waya. Kuanzia wiki ijayo sindano ikicheza, kengele inalia yenyewe. Hahitajiki mtu. Wanyenyekevu wamefurahi kwa kuwa hakuna sikio litakalomkosea heshima, na Wapimaji wamefurahi kwa kuwa hakuna sikio litakalokosea tu. Wameniandalia na keki."

Fundi Vuai alipiga magoti kwenye bawaba ya chini, akaitia tindo, akaitoa.

"Ikoje?" aliuliza bila kugeuka. "Hiyo hodi."

Hakuna aliyewahi kumwuliza Bi Mashavu swali hilo. Wapimaji walimwuliza saa, Wanyenyekevu walimwuliza kama alisikia kwa hofu ya kutosha.

"Ya mtu mwenye adabu," alisema. "Hagongi kwa hasira. Nilipokuwa mgonjwa mwaka wa juzi, nikakosa wiki tatu, niliporudi alibisha kwa upole zaidi. Usimwambie mtu. Wapimaji walikuwa na karatasi yao na hawakuona tofauti." Akainama akaokota punje ya mchele iliyoanguka. "Mama yangu alitaka kujibu, akaogopa. Mimi miaka thelathini na moja nataka kujibu, naogopa. Nawaza, nitamjibuje nami sijui ni nani? Huenda Wanyenyekevu wana haki, mimi si wa kumjibu. Huenda Wapimaji wana haki, nami nitakuwa nimesema na ubao."

Fundi Vuai aliweka tindo chini. Alikuwa amejiapiza kutosema mengi, lakini mambo ya milango ni mambo yake.

"Mama, kwetu mtu akibisha, wewe uko ndani na mlango umefungwa. Humwoni. Huenda ni jirani, huenda ni mgeni, huenda ni upepo umeangusha ufagio. Unajibu lile neno kwanza. Kumjua ni baadaye, akishaingia. Ukitaka umjue kwanza ndipo umjibu, hutamjibu mtu hata siku moja."

"Na kama ni upepo?"

"Unacheka mwenyewe, unarudi kwenye mchele wako. Umepungukiwa nini?"

Bi Mashavu aliuvuta ungo wake mapajani.

"Tena kwetu," aliendelea Fundi, kwa kuwa sasa alikuwa ameshikwa na maneno, "mtu hubisha mara tatu. Asipojibiwa huenda zake, na hana kosa. Huyu wenu kabisha Alhamisi ngapi?"

"Elfu kumi na moja na sitini na moja. Hiyo nina hakika, Wapimaji hawakosei kuhesabu."

"Basi huyo, awe nani awe nani, hajachoka nanyi."

Bi Mashavu alichukua ncha ya kanga akajifuta macho, halafu akacheka tena, ila kicheko hiki kilikuwa kifupi. Fundi Vuai alirudi kwenye bawaba. Alizikaza zote nne kwa upande wa fremu kama alivyoagizwa, na kila pigo la nyundo lilimtia haya.

Alhamisi ilikuja na jua zuri. Uwanja wa mbele ya mlango ulijaa tangu asubuhi. Wanyenyekevu walikaa kushoto na mablanketi yao, Wapimaji kulia na meza zao, na katikati kulikuwa na keki ya Bi Mashavu iliyofunikwa kwa kawa. Muuza mikeka aliletwa naye, akiwa mkakamavu na mwenye furaha, akae karibu kama angehitajika. Fundi Vuai alikuwa amefunga mkoba wake. Alitakiwa awepo hadi hodi ipite, ithibitishwe kwamba kazi yake imeshika, kisha aondoke. Akitembea bila kulala sana, angefika kwao Jumamosi asubuhi. Hakupewa pamba wala nta, kwani hakuwa na upande, na hakuna aliyelifikiria hilo. Alibana midomo yake kwa meno.

Mwinyikai alinyanyua mkono, pamba zikaingia. Daktari Zaina alinyanyua mkono, nta ikaingia. Nyimbo zikaanza, karatasi ikaanza kusogea. Bi Mashavu alisimama kwenye kengele yake, amevaa kanga mpya.

Kisha mlango ukabishwa.

Fundi Vuai alikuwa amesikia hodi nyingi maishani mwake, za wadai na za wachumba na za watu wenye habari mbaya. Hii ilikuwa hodi tu. Tatu, za mtu anayejua kwamba wenyeji huenda wako jikoni. Alihisi neno likimpanda kooni kama kikohozi. Alimwona Nunuu na hina mikononi. Akalimeza, na machozi yakamtoka kwa aibu, maana hajawahi katika umri wake kumwacha mtu nje namna ile.

Kimya kidogo. Kisha mbili.

Bi Mashavu hakupiga kengele. Aliutazama uwanja wote, watu elfu na zaidi wamejaza masikio yao, wengine wamefumba macho, wengine wameinamia karatasi. Akasafisha koo. Akausogelea mlango mpaka paji lake la uso lilikaribia kugusa mbao, akasema, kwa sauti ile ile ya mama anayejibu kutoka jikoni, neno ambalo hakuwahi kulitamka tangu azaliwe.

"Karibu."

Hakuna aliyesikia isipokuwa Fundi Vuai. Nyimbo ziliendelea. Sindano peke yake ilicheza kidogo, ikachora alama ndogo ambayo haijawahi kuchorwa, na Wapimaji watatu waliinuka kwa pamoja wakionyeshana. Daktari Zaina alikimbilia karatasi.

Bi Mashavu alikuwa amesimama vile vile. Fundi alimsogelea. Walisikiliza wote wawili, masikio mbaoni, na kwa kitambo hapakuwa na chochote, hata Fundi akaanza kutafuta maneno ya kumfariji.

Halafu, chini, upande ule wa mlango, kikasikika kitu kikiwekwa sakafuni polepole. Kisha kingine, kando ya cha kwanza. Fundi Vuai aliijua sauti hiyo, na Bi Mashavu aliijua, na mtu yeyote aliyelelewa angeijua. Ilikuwa sauti ya mtu anayevua viatu.

Sindano ilichora alama mbili ndogo. Hapo palizuka patashika. Daktari Zaina alitoa nta akapaza sauti kwamba alama ya kwanza ni nzito kuliko ya pili, kwa hiyo mbao zimepasuka mahali pawili. Mwinyikai, alipoonyeshwa karatasi, alitoa pamba akasema kwamba alama mbili ni ishara, na ya kulia imetangulia. Daktari Zaina alisema ya kushoto ndiyo iliyotangulia, kwani karatasi inasomwa kutoka huku. Wanyenyekevu waliinuka, Wapimaji waliinuka. Kitengo cha Alhamisi kilisikika kikishangilia. Kufumba na kufumbua Tume ilikuwa imekaa kikao cha dharura pale pale uwanjani, na mtu mmoja alikuwa ameanza kuikata keki. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiutazama mlango.

"Nenda, Fundi," alisema Bi Mashavu kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyekusikia, maana hukusema kitu. Njia iko wazi. Kamwoze mwanao."

Fundi Vuai alitia mkoba begani. Alipiga hatua tatu. Kweli njia ilikuwa wazi, mpaka bwawani, mpaka sokoni, mpaka mpakani, na hakuna ambaye angemwuliza. Akageuka amtazame mama yule mara moja ya mwisho. Bi Mashavu alikuwa ameshika ncha ya komeo kwa mikono miwili, anasukuma kwa nguvu zake zote, kanga mpya imemvuka begani, na gogo halijasogea hata unyayo wa sisimizi.

"Mama," alisema Fundi. "Mtu akishavua viatu, hawezi kusimama pale mpaka Tume imalize."

"Ndiyo maana nasukuma, baba. Nishike wapi?"

Fundi Vuai aliifikiria Jumamosi. Aliifikiria kweli, wageni na ngoma na Nunuu akichungulia njia, na moyo ulimuuma. Kisha akauweka mkoba chini na kushika ncha ya pili.